Je, Yafaa Binti Aitwe kwa Jina la Kito?

Mtoto azaliwapo hana kitu mkononi. Nguo atavikwa na wengine, maziwa atapewa na mama yake, na jina atapewa na wazee wake. Nguo itachakaa, maziwa yatakoma, lakini jina litafuatana naye mpaka kaburini. Ndiyo maana wazazi wenye akili hufikiri sana kabla ya kulitamka, na mara nyingine hubishana.

Mabishano ya namna hiyo yako katika nchi za watu wasemao Kiingereza, juu ya majina ya vito, yaani mawe ya thamani. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wazazi wengi wa Uingereza na Marekani walipenda kuwapa binti zao majina hayo. Mmoja aliitwa Ruby, ndiyo yakuti nyekundu. Mwingine Pearl, ndiyo lulu. Mwingine Beryl, ndiyo zabarajadi. Na wengine waliitwa Opal au Garnet, kwa majina ya mawe mengine mazuri. Baadaye majina hayo yalizeeka pamoja na wenyewe. Yakawa majina ya vikongwe, na wazazi vijana waliona haya kumpa mtoto mchanga jina la namna hiyo. Lakini katika karne hii ya 21 yamerudi. Mwaka 2008 jina la Ruby lilikuwa mojawapo la majina matano yaliyopendwa kuliko yote kwa watoto wa kike wa Uingereza na Wales. Huko Marekani Pearl na Opal nayo yameanza kusikika tena. Wazazi wengine wafurahi, wengine wanung'unika.

Je, habari hiyo yawahusu watu wa Kongo? Yawahusu kweli. Kwanza, Kiswahili kilichopanda kutoka pwani katika karne ya 19 kinayo majina ya vito: Lulu, Johari, Almasi, Marijani. Pili, wako wengi wenye jina la kito wala hawajui. Margareta ni neno la Kiyunani, na maana yake ni lulu. Basi kila Margareta na kila Marguerite ni Lulu. Tatu, majina kwenda na kurudi si jambo geni Kongo. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwaamuru raia waache majina ya Kikristu yaliyotoka ng'ambo, washike majina ya mababu. Baada ya mwaka 1990 watu wengi waliyashika tena hadharani majina yao ya ubatizo. Daftari zilibadilika mara mbili, lakini aliyebatizwa Margareta alibaki mtu yule yule.

Basi swali ni hili: ni vizuri kufufua majina ya vito na kuwapa mabinti? Inafaa kuwasikiliza wanaosifu, kisha wanaokataa, ndipo kuamua.

Wanaosifu wana sababu tatu. Ya kwanza ni heshima ya wazee. Wazazi wengi wa Uingereza wamwitapo mtoto Ruby, wamkumbuka mama wa bibi yake. Jambo hili watu wa Kongo hulielewa upesi, kwa sababu makabila mengi humpa mjukuu jina la bibi yake, ili jina lisipotee chini ya udongo. Sababu ya pili ni faraja ya mtoto wa kike. Pengine mtoto wa kiume azaliwapo watu hupiga vigelegele, na wa kike azaliwapo hunyamaza. Baba asimamaye mbele ya ukimya huo na kusema, «Huyu ni Johari,» awafundisha jirani zake kwamba amepata hazina. Sababu ya tatu yatoka katika Maandiko. Kitabu cha Kutoka chasimulia kwamba kuhani mkuu alivaa kifuani mawe kumi na mawili ya thamani, na juu yake yalichorwa majina ya wana wa Israeli. Na katika Ufunuo mtume Yohana aona mji wa Mungu uliojengwa juu ya misingi ya vito, wenye malango ya lulu. Basi, wasema, kama mawe hayo yafaa nyumbani mwa Mungu, mbona majina yake yasifae nyumbani mwa mtu?

Wanaokataa nao wana sababu tatu. Ya kwanza: jiwe halina roho. Mtakatifu aliishi, alijaribiwa, alishinda, na mtoto aweza kufuata nyayo zake. Lakini jiwe limekwenda wapi hata mtu alifuate? Kanisa lenyewe limeangalia neno hili. Sheria ya mwaka 1917 iliwaagiza mapadri kuhakikisha mbatizwa apewe jina la Kikristu. Wazazi wakishikilia jina jingine, padri aongeze jina la mtakatifu na kuandika yote mawili. Sheria ya mwaka 1983 yataka tu kwamba jina lisiwe kinyume cha fikira ya Kikristu.

Sababu ya pili ni majivuno. Msichana aambiwaye kila siku kwamba yeye ni kito aweza kudhani kwamba kung'aa kwatosha. Katika Matendo ya Mitume yuko mwanamke aitwaye Safira, na wengi hulihusisha jina lake na kito cha yakuti samawi. Yeye na mumewe Anania waliuza shamba, wakaficha sehemu ya fedha, wakawadanganya mitume, wakafa. Jina zuri halikumzuia asiseme uongo. Wazee wa Kiswahili walikwisha kusema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko zote, nayo ni bei. Kito hutafutwa kwa sababu kina bei. Anayemwita binti yake kwa jina la kito, je, hajaanza kumhesabia bei?

Sasa yafaa kupima.

Sababu ya kwanza ya wanaokataa yajibiwa na maisha ya msichana mmoja wa Italia. Alizaliwa mwaka 1878 karibu na mji wa Lucca, akaitwa Gemma Galgani. Gemma maana yake ni kito. Yasimuliwa kwamba mama yake alihangaika, kwa kuwa hakujua mtakatifu yeyote wa jina hilo. Padri mmoja akamtuliza: mbinguni viko vito, naye mtoto aweza kuwa kito cha huko. Gemma alikufa mwaka 1903, na mwaka 1940 Kanisa likamtangaza kuwa mtakatifu. Jina lisilokuwa na msimamizi likapata msimamizi, maana mwenye jina mwenyewe alilitakasa. Wala watakatifu wa zamani hawakuyakuta majina yao yamekwisha kutakaswa. Wao ndio walioyatakasa.

Sababu ya pili nayo ina jibu. Safira hakuanguka kwa ajili ya jina lake. Mumewe Anania hakuwa na jina la kito, akaanguka pamoja naye. Majivuno hutoka katika malezi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Lakini sababu ya tatu haiondoki upesi hivyo. Mwenye hekima mmoja wa nchi ya Prussia, Immanuel Kant, alifundisha mwaka 1785 kwamba vitu vyote ni vya namna mbili: vingine vina bei, vingine vina heshima. Kitu chenye bei chaweza kubadilishwa na kingine cha bei ile ile. Kitu chenye heshima hakina badala yake. Jiwe lina bei. Mtu ana heshima. Wakongo hawahitaji kusafiri mbali ili kuona hatari ya kuchanganya mambo haya mawili. Almasi za Kasai zimechimbwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na katika mashimo ya wachimbaji wadogo wameonekana watoto wakichekecha mchanga badala ya kusoma. Kwa sababu ya almasi zilizouzwa kwa kununua silaha katika vita vya Afrika, mwaka 2003 nchi nyingi zilianza mapatano yaitwayo Kimberley, ili mawe ya namna hiyo yasipite sokoni. Hapo jiwe lilihesabiwa kuwa kubwa kuliko mtu.

Na nyumbani je? Baba aweza kumwita binti yake Johari, halafu akamtoa shuleni kabla ya kukua, ampeleke kwa mwanaume mwenye mbuzi wengi. Mahari ni desturi ya heshima, ni mkono ambao jamaa moja yaunyoshea jamaa nyingine. Lakini baba akiitafuta kama mchuuzi atafutavyo faida, basi jina la Johari limekuwa tangazo la bei. Heri angemwita mtoto jina lolote jingine.

Basi, je, jina la kito likataliwe? La. Lakini maana yake igeuzwe, irudi mahali pake. Bwana Yezu alisimulia habari za mfanyabiashara aliyetafuta lulu nzuri. Alipoiona moja ya thamani kubwa, aliuza vyote alivyokuwa navyo, akainunua. Msomaji atazame vema: katika mfano huo lulu haikumtajirisha mtu yule, ilimgharimu mali yake yote. Mwandishi wa Marekani, Nathaniel Hawthorne, katika kitabu chake cha mwaka 1850 kiitwacho The Scarlet Letter, alielewa hivyo. Mwanamke wa hadithi yake azaa mtoto katika aibu, watu wote wamdharau, naye amwita mtoto huyo Pearl, yaani lulu, kwa sababu amempata kwa kutoa vyote alivyokuwa navyo.

Hapo ndipo jibu lilipo. Jina la kito si bei ya binti; ni deni la wazazi. Halisemi watakachopokea kwa ajili yake, bali lasema watakachotoa. Anayemwita mtoto Lulu ameahidi mbele ya watu kwamba yuko tayari kuuza vingine ili amtunze huyu: atauza kuku ili anunue daftari, ataacha pombe ili alipe dawa, atakataa mahari ya haraka ili binti amalize masomo. Asiyetaka kulipa deni hilo asilitamke jina hilo. Anayetaka, alitamke kwa furaha. Na kama mtoto ataletwa kubatizwa, Margareta na Gemma wako tayari kuwa wasimamizi wake.

Na binti mwenyewe, akiisha kukua, ajue kwamba jina lake ni mwanzo tu. Kito, hata kiwe kizuri namna gani, huhitaji mwanga wa nje. Yakuti ikiwekwa katika chumba cha giza haitofautiani na kokoto. Lakini wazee husema: jina jema hung'aa gizani. Jina hilo wazazi hawawezi kumpa mtu, wala padri hawezi kuliandika daftarini. Kila mtu hujipatia mwenyewe, kwa kusema kweli palipo na faida ya uongo, na kwa kumsaidia jirani pasipo macho ya watu. Aliyeitwa Ruby aweza kulikosa, na mwenye jina lisilopendeza aweza kulipata.