Amana ya Utawala: Marais na Wake Zao



Wale wanaoichunguza dini huuliza mara kwa mara: Je, mtu aweza kushika utawala na bado akabaki mcha Mungu? Swali hili ni la haki, maana macho yetu yamekwisha ona watawala wengi ambao ibada yao iliishia juu ya mkeka wa sala. Basi na tulijibu kwa mambo yaliyotukia kwetu, yanayojulikana na wengi.

Huko Chukwani, kusini ya Mji wa Zanzibar, yapo magofu ya jumba la Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888. Na katika Chukwani hiyo hiyo ndipo yalipo makao ya Baraza la Wawakilishi. Mwenye jumba alikuwa na askari, merikebu na hazina; leo kuta zake zinaota majani. Wawakilishi wanaokutana jirani na magofu hayo hawana haja ya mhubiri mwingine.

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yatuamuru tuzifikishe amana kwa wanaozistahili, na papo hapo yaamuru kwamba tuhukumupo baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Tazama jinsi amri hizo mbili zilivyofuatana. Cheo ni amana, na amana haiwi mali ya aliyewekewa. Mwenyewe akiidai, hurudishwa.

Sasa mfikirie Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alianza kazi akiwa mwalimu wa shule, kisha akawa Waziri wa Mambo ya Ndani katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 1976, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji waliteswa na watumishi wa dola, na baadhi yao wakafa. Mzee Mwinyi hakuwapiga watu wale, wala hakuagiza wapigwe. Lakini waliowatesa walikuwa chini ya wizara yake, basi akajiuzulu. Huenda mtu akasema kwamba huo ni utaratibu wa serikali tu, hauna uhusiano na imani. La! Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga hawezi kujitetea kwa kusema kwamba kondoo waliibwa na mtumishi wake. Waziri aliyeamini hivyo kweli hana budi kuondoka hata kama mkono wake ni safi.

Na aliyeiacha amana ndogo kwa heshima, Mwenyezi Mungu alimpa iliyo kubwa zaidi: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na 1985 Rais wa Muungano. Sisemi kwamba kila jambo la utawala wake lilikuwa jema. Miaka ya mwisho ilijaa malalamiko juu ya rushwa na misamaha ya kodi. Hata hivyo mwaka 1995 muda wake ulipokwisha, alikabidhi na kwenda zake. Kisha mwaka 2009, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 80, alikuwa akihutubia Baraza la Maulidi mjini Dar es Salaam juu ya maradhi ya ukimwi. Kijana mmoja aliyechukizwa na maneno yake alipanda akampiga kofi mbele ya hadhara. Mzee alitulia, akaendelea na hotuba. Jiulize, ndugu msomaji, wewe usiyekuwa na walinzi wala cheo, ungeendelea na neno gani baada ya kofi lile?

Kusamehe katika utawala ni kuzito kuliko kusamehe nyumbani. Januari 2001 damu ya raia ilimwagika Unguja na Pemba, makumi ya watu wakafa, na Rais wa Zanzibar wakati huo alikuwa Amani Abeid Karume. Lakini tarehe 5 Novemba 2009 yeye huyo na mpinzani wake, Maalim Seif Sharif Hamad, walikaa pamoja wakazungumza. Baraza la Wawakilishi likaunga mkono, na katika kura ya maoni ya Julai 2010 zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura walikubali serikali ya umoja. Umoja huo ulivunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, ukarejea Desemba 2020. Suluhu haitiwi saini mara moja ikatosha.

Mama yake Rais huyo ni Bi Fatma Karume. Mumewe, Mzee Abeid Amani Karume, aliuawa kwa risasi pale Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Miaka 28 baadaye mwanawe akashika kiti kile kile. Mke wa Rais hapigiwi kura wala hali kiapo, nasi humsahau upesi. Kurani Tukufu haikumsahau. Sura At-Tahrim yataja wake wa Nuhu na Lutu, waliokaa na Manabii wasipate faida, kisha yamtaja mke wa Firauni, aliyekaa katika kasri ya dhalimu akaomba nyumba kwa Mola wake. Ewe dada uliyeingia katika dini hali mumeo hajaingia, fikiri juu ya malkia huyu. Cheo cha mume hakikumwokoa, wala dhambi ya mume haikumwangamiza.

Na wapo wake walioshirikiana na waume zao katika amana. Imepokewa kwamba Seyidna Umar r.a., akizunguka usiku nje ya Madina, alikuta hema la mgeni ambaye mkewe alikuwa katika uchungu wa uzazi, wala hapakuwa na mwanamke wa kumsaidia. Alirudi nyumbani, akamweleza mkewe Umm Kulthum, wakaenda pamoja wakichukua vyakula. Bibi aliingia hemani, na Seyidna Umar akakaa nje na yule mgeni, akipuliza moto chini ya chungu mpaka moshi ukapita katika ndevu zake. Mtoto alipozaliwa, Bibi aliita kutoka ndani ampe sahibu yake habari njema ya mtoto wa kiume, akamwita mumewe kwa cheo chake, Amirul Muuminina. Hapo ndipo mgeni alipomtambua aliyekuwa akimpikia, akaanza kujisogeza nyuma kwa hofu. Naye akamwambia akae mahali pake, chakula ki karibu kuiva.