Mwana wa Kibete

Baba alizaliwa Rumonge, akakimbia mwaka 1972 akiwa kijana. Mimi nilizaliwa Katumba. Yeye akitaja ziwa, anataja mukeke na ndagala. Mimi samaki anayenisumbua akili hauzwi sokoni. Wataalamu wanamwita Lamprologus callipterus, naye anaishi Tanganyika tu.

Dume mkubwa hubeba maganda matupu ya konokono kwa mdomo, anayarundika. Jike ni mdogo sana, anaingia ndani ya ganda na kutaga humo. Dume haenei, kwa hiyo anamwaga mbegu zake mlangoni. Sasa kuna dume mwingine, kibete. Yule mkubwa anamzidi uzito karibu mara 40. Kibete ananyemelea, anapenya pembeni mwa jike mpaka ndani kabisa, anamwaga mbegu zake jirani na mayai. Ukilinganisha na mwili wake, korodani zake ni kubwa kuliko za bwana mkubwa.

Na usidhani alikosa chakula, au bado atakua. Ni jeni, iko kwenye kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwana wa kiume. Baba kibete, wana wa kiume vibete. Baba mkubwa, wana wakubwa.

Nilipoelewa hayo nikasema haraka: mwizi, mwana wa mwizi! Kisha nikanyamaza. Sisi nasi tumeitwa hivyo hivyo: mkimbizi, mtoto wa mkimbizi.

Tena mwenye mali ni nani hasa? Dume mkubwa naye huwaibia wenzake maganda. Na aliyeyajenga ni konokono, ambaye alishakufa.

Baba aliporudi kutazama shamba letu la michikichi, alikuta watu. Mwenyeji akasema alipewa, na wanawe wamezaliwa pale. Baba alikuwa na neno "mwizi" mdomoni. Mtoto mmoja akamletea maji. Baba akayanywa, akarudi.

Ndugu msomaji, nadhani tunachanganya maswali mawili. Shamba ni la nani? Hilo lina mashahidi, lina mipaka, lijibiwe. Mtoto huyu ni mtu gani? Hilo halijibiwi kwa jina la baba yake. Jeni inaweza kupanga ukubwa wa samaki, lakini hatia haimo kwenye mbegu. Samaki hachagui; sisi tunachagua tumwite nani nini.

Shamba bado tunalidai. Yule mtoto wa maji, mimi simdai kitu.