Jina la kadudu

Msimu uliopita mahindi ya mtaa wetu yalitoka michirizi myeupe kwenye majani. Watu wakasema ugonjwa umeanzia kwenye kibustani cha mama mmoja aliyefika kambini nyuma yetu sote. Wakataka ang'oe yote. Nakiri, mimi nilikuwa upande wao.

Nimezaliwa Gishubi, Gitega. Nyumbani mahindi ya namna hiyo tuliyang'oa tukawapa ng'ombe, hatukuuliza mengi. Ni hapa, kijana mmoja wa kilimo aliponiomba nimsaidie kukamata vidudu, ndipo nilijua kwamba michirizi inabebwa na kadudu kanakoruka, milimita 3 hivi, kenye vidoa viwili vyeusi kichwani. Jina lake la kitaalamu ni Cicadulina. Aina ziko nyingi, na kwa macho zinafanana. Ili kuzitenganisha unachukua dume, unakata ncha ya tumbo, unaichemsha kwenye dawa mpaka nyama iishe, halafu unatazama umbo la kiungo cha uzazi kwa hadubini. Jike mara nyingi halipati jina la uhakika. Na dume nalo linajulikana likiwa limekufa tayari.

Kilichoninyima usingizi ni habari ya H. H. Storey, mtafiti aliyekuwa Amani, Usambara, miaka ya 1930. Alikuta kwamba ndani ya aina moja, Cicadulina mbila, wako wanaoeneza ugonjwa na wako wasioeneza hata wakinyonya jani lile lile. Uwezo huo unarithiwa. Hapo nilisikitika, maana nilitaka asikie kinyume. Lakini akachukua sindano nyembamba, akawatoboa utumbo wale wasioeneza, na wao wakaanza kueneza. Ukuta wa utumbo tu ndio ulikuwa umewazuia!

Sasa jina linatuambia nini? Yule kijana alinijibu: bila jina hujui upambane na nini. Ni kweli, mkulima hawezi kupasua kila mdudu. Ila sisi tumeona jina likifanya kazi nyingine. Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, kwetu hakuna aliyengoja kujua fulani ana nini ndani. Jina la kundi lilitosha, huku na kule. Baba alimficha jirani siku nne nyuma ya ghala la maharage, na baadaye kila upande ukamwita msaliti. Mimi mwanawe ndiye niliyetaka mama wa watu ang'oe mahindi.

Nikarudi bustanini na swali moja. Michirizi hutokea kwenye majani yanayochipua baada ya mmea kuambukizwa. Ya zamani hubaki safi. Tulipanda wiki moja. Kwa yule mama majani ya chini yote yalikuwa safi, michirizi ilikuwa juu tu. Kwangu ilianzia jani la tatu.

Nimewaambia majirani. Wawili hawajanisalimia mpaka leo.