Kitovu cha Mchoro

Programu za kompyuta za kuchora ramani za mawazo humtaka mtumiaji aweke jambo moja katikati, kisha alitolee matawi. Mtindo huo aliueneza Tony Buzan wa Uingereza tangu 1974. Msaada wake kwa akili ni mkubwa; lakini ni nani achaguaye kitovu?

Swali hilo lilikwisha kuulizwa kwa uchungu katika milima ya Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, maofisa wa kikoloni waliweka udongo katikati: mvua yauchukua miteremkoni, basi watu wachimbe matuta ya ngazi. Mchoro ulikuwa safi. Bali kwa Waluguru kitovu kilikuwa ukoo wa upande wa mama, ambao ndio wenye ardhi. Na jasho la wachimbaji halikupewa tawi lolote. Mwaka 1955 watu walikataa, ghasia zikazuka, mpango ukaachwa.

Maofisa hawakusema uongo juu ya udongo. Kosa lao lilikuwa kutouliza. Katika kompyuta kitovu huhamishwa kwa kidole. Moyoni huhamishwa kwa unyenyekevu tu, na achoraye mambo ya wenziwe ana deni la kuwasikiliza kwanza.