Msitu Wenu Si Shamba la Bibi

Sikilizeni, watu wa Kilwa na Liwale, wa Nachingwea na Tunduru. Mpingo mnaouangusha leo ulichipua babu zenu wakiwa hawajaingia jandoni. Umekua miaka 70, kwingine 100, ukiunguzwa na moto wa kiangazi na kuchipua tena, mpaka kiini chake kikawa cheusi na kizito kiasi cha kuzama majini. Mnaumaliza kwa asubuhi moja, na pesa mnayolipwa haifiki magharibi. Kisha mnakaa barazani kulalamikia umaskini.

Msiniambie msitu ni wa serikali. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwakabidhi ardhi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikawafungulia mlango: kijiji kitenge eneo, kiandike mpango wa usimamizi, mkutano mkuu upitishe sheria ndogo, halmashauri ya wilaya iridhie, na hapo msitu unakuwa hifadhi ya kijiji, na mapato ya miti yake mali ya kijiji. Mna kamati ya maliasili mliyoichagua kwa mikono yenu. Aliyepewa vyote hivyo akasema "ni wa serikali" hajakosa elimu. Anatafuta pa kujificha.

Maana wizi huu hauanzii kwa mgeni. Mgeni anakuja na Fuso usiku, kweli, na ana fedha mfukoni na msumeno wa mnyororo chini ya turubai. Lakini mgeni hajui mpingo ulipo. Anayejua ni kijana wenu, aliyezunguka pori hilo tangu utoto akifuata asali. Ndiye anayetangulia na tochi. Ndiye anayeonyesha njia isiyopita kwenye kizuizi. Analipwa kwa kila gogo pesa ya vocha na chipsi, na gogo hilo likifika mjini linabadilishwa bei mara mbili tatu kabla halijapanda meli. Kikulacho ki nguoni mwenu, nanyi mnakijua kwa jina, na ukoo wake, na nyumba anayolala.

Nendeni mkakitazame kisiki. Pembeni kuna ubao wa nje, mwembamba, wa rangi ya maziwa. Katikati kiini cheusi. Pimeni upana wa kisiki. Kanuni zinasema mpingo usiofikisha sentimita 24 usikatwe, na visiki vingi vya gizani havifiki hata 15. Hakuna alama ya nyundo ya ukaguzi, wala kwenye kisiki wala kwenye gogo. Hatua chache kutoka hapo mtakuta gogo zima limetelekezwa kwa sababu lilikutwa na tundu ndani, au limejipinda kidogo na mnunuzi hakulitaka. Mti wa miaka 80, umelala kwenye majani, mchwa wanauanza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko wizi wenyewe: umeuawa na hata mwizi hakufaidika nao.

Na wanakamati wanaotembea kwa miguu siku nzima kulinda mpaka, bila posho ya maana, wengine kwa ndala, mmewapa jina gani? Wanoko. Wakimkamata mtu, wazee wanakwenda jioni kumwombea msamaha, kwa kuwa ni mtoto wa nyumba fulani na harusi iko karibu. Faini inafutwa. Wiki ijayo msumeno unalia tena upande ule ule, nanyi mnajifanya hamsikii.

Nije kwenye ufuta. Siukatai ufuta, umeezeka bati nyumba nyingi za Lindi na umesomesha watoto. Ninachokaripia ni huku kuhama. Mnafyeka msitu mpya, mnachoma, mnavuna misimu miwili au mitatu, magugu yakizidi mnaliacha shamba na kuingia ndani zaidi, hadi mpaka wa hifadhi mlioupiga rangi wenyewe mnauvuka mchana kweupe. Na moto wenu! Mnajua kabisa kwamba nyasi zikichomwa mapema, mwezi wa tano au wa sita, zikiwa bado na unyevunyevu, moto hupita chini na kuzimika wenyewe. Lakini mnawasha wa tisa na wa kumi, pori limekauka, mnageuza mgongo, na moto unakwenda siku kadhaa ukiua kila mche wa mpingo, wa mninga na wa mkongo uliokuwa unajaribu kuinua kichwa. Mzee mwenye miaka 60 anayewasha moto wa mwezi wa kumi hawezi kuniambia hakujua.

Tena kuna siku ya kupanda miti. Viongozi wanakuja na fulana mpya, picha zinapigwa, misaji na mikaratusi inachimbiwa mashimo mistari kwa mistari, na mwezi mmoja baadaye hakuna aliyerudi kumwagilia. Pori liko nyuma ya jukwaa lile lile, na ndani yake visiki vya mpingo vinachipua vyenyewe na mizizi inatoa machipukizi, bila kitalu na bila mgeni rasmi. Machipukizi hayo yanataka kitu kimoja tu kwenu: msiyachome na msiyafyeke. Hilo limewashinda.

Na ninyi wa Dar es Salaam msinyamaze kana kwamba hayawahusu. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye mto Rufiji mwaka 2003, miti ya kusini ilianza kumiminika kwenu na bandarini kwenu. Ripoti ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2004/05 hadi 96% ya ushuru wa magogo uliostahili kukusanywa ulipotea. Nani alinunua mbao hizo? Nani aliagiza mlango wa mninga na hakumwuliza fundi hati ya kusafirishia? Nani anachagua gunia la mkaa la lumbesa kwa kuwa limejaa na bei ni ndogo? Mmekula pamoja na mwizi, na mikono yenu ina masizi yale yale.

Taurati inamkataza askari anayeuzingira mji wa adui kuikata miti yake ya matunda. Abubakar, khalifa wa kwanza, alipotuma jeshi Shamu aliliusia vivyo hivyo. Hao walikuwa vitani, na miti ilikuwa ya adui. Ninyi mko katika amani, na miti ni yenu. Mtamjibu nini Mungu?

Msiseme haiwezekani. Wanakijiji wa Kikole na Kisangi, papo hapo Kilwa, wakisaidiwa na shirika la MCDI, mwaka 2009 walipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachomhakikishia mnunuzi wa ng'ambo kwamba gogo halikuibwa. Misitu yao ikawa misitu ya asili ya kwanza inayosimamiwa na jamii kupata cheti hicho Afrika nzima. Wa kijiji cha Nanjirinji waliuza magogo yao kihalali, kwa kuhesabu kwanza miti waliyonayo na kuvuna kidogo walichokadiria msitu unaweza kukirudisha, na fedha ikajenga madarasa. Watu hao hawana damu tofauti na yenu. Wanalima ufuta kama ninyi, wana vijana wenye tamaa kama wenu. Walikubali tu kuonekana wanoko.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Ukiitishwa, nendeni wote, na wanawake msikae nyuma. Mwambieni mwenyekiti asome: miti mingapi imevunwa, nani kainunua, kwa bei gani, fedha imeingia akaunti gani na imetoka kwa sahihi ya nani. Akisema daftari limesahauliwa nyumbani, mtumeni alifuate na mumsubiri, hata jua lizame. Na yule kijana wa tochi mtajeni kwa jina akiwa amekaa hapo hapo, baba yake akisikia.