Gari la Msusi

Katika mambo ambayo watu huyatenda kila siku bila ya kuyapima, moja ni kumkadiria mtu kwa chombo alichokipanda. Apitaye kwa miguu hupewa salamu moja, na apitaye kwa motokaa hupewa nyingine, hali ya kuwa mtu ni yule yule na ulimi ni ule ule. Hilo limezoeleka, na wengi wamekwisha kulikemea. Lakini liko jambo jingine lililofichika zaidi, nalo ni kinyume cha hilo: kukikadiria chombo kwa kazi ya mtu aliyekipanda. Hapo motokaa nzuri isiyo na ila hudharauliwa kwa sababu tu ya mkono wa aliyeinunua. Basi suali tunalotaka kulitazama ni hili: Je, kazi ya halali yaweza kumwaibisha mwenye nayo, hata ikaaibisha na mali aliyoichuma kwayo?

Mfano ulio wazi twaupata Uingereza, kwa wenye motokaa za mbio. Hatukusudii zile za mashindanoni peke yake, bali zile zilizo chini chini, za viti viwili, nyingi zao zenye paa la kukunjwa, ambazo mtu hazinunui kwa kubebea watoto wala bidhaa, bali kwa raha ya mwendo. Katika nchi hiyo limeenea neno la dhihaka. Motokaa ya namna hiyo ikiwa ndogo, na bei yake si kubwa, wanaojiona wajuzi huiita "gari la msusi". Hawakusudii kuwa ni gari la kubebea vitana na mikasi. Wanakusudia kuwa ni gari hafifu, la kujipamba, lisilomstahiki mtu wa maana. Hivyo kazi nzima ya watu, wanawake kwa wanaume, imegeuzwa kuwa tusi.

Motokaa iliyopigwa sana na neno hili ni Mazda MX-5, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Na tuitazame kwa insafu. Wajapani walioiunda walifuata kanuni ya motokaa ndogo za Kiingereza za zamani: uzito mdogo, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yenye kusukuma, na bei ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuifikia. Mwanzoni mwa karne iliyopita motokaa ilikuwa anasa ya wachache. Kufikia mwaka 2016 motokaa hii moja ya anasa ilikuwa imekwisha kuundwa milioni nzima. Hushindanishwa katika viwanja vya mbio vya nchi nyingi, na madereva hodari huisifu. Basi ila yake iko wapi? Ila haimo katika injini wala katika magurudumu. Ila, kwa hukumu ya wenye dhihaka, ni kwamba msusi naye aweza kuinunua.

Ili tufahamu hukumu hiyo imetoka wapi, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Walter Owen Bentley alikuwa fundi aliyejifunza kazi katika karakana za reli za Doncaster, na mwaka 1919 akaanzisha kampuni ya kuunda motokaa. Ile yake ya lita nne na nusu, ikiwa ni fremu na injini tu bila ya bodi, iliuzwa kwa paundi 1,050. Na bodi mnunuzi akaenda kuiundisha kwingine kwa fedha nyingine. Hiyo haikuwa bei ya mtu wa mshahara. Walioziendesha katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, walikuwa wengi wao watu wenye nafasi: alikuwamo Dudley Benjafield, daktari, alikuwamo Glen Kidston, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alikuwamo Tim Birkin, wa ukoo uliotajirika kwa viwanda vya kimia. Na aliyewashinda wote kwa utajiri ni Woolf Barnato, aliyepata ushindi mwaka 1928, 1929 na 1930, na kwa fedha zake akawa mwenyekiti wa kampuni yenyewe.

Fedha za Barnato zilitoka wapi? Zilitoka kwa baba yake, Barney Barnato, mtoto wa mtaa wa maskini London, aliyekwenda Kimberley, Afrika Kusini, akatajirika kwa almasi, akafa mwaka 1897 hali mwanawe ni mtoto mchanga. Nazo almasi zilichimbwa na mikono ya Waafrika, ambao kutoka miaka ya 1880 walifungiwa katika kambi zenye ua muda wote wa mikataba yao, na wakatolewa humo kwa kupekuliwa miilini, wasije wakatoka na kijiwe. Hatusemi kwamba Woolf Barnato alikuwa mwoga au mbaya wa kuendesha. Ushujaa wake ni wake. Wala hatumtwisi kosa ambalo hakulitenda. Twasema tu kwamba hakuna aliyepata kuiita Bentley "gari la mchimba almasi", juu ya kuwa bila ya jasho la mchimba almasi isingenunuliwa.

Na palikuwa na mtu mwingine katika jamii ile, Frank Clement. Yeye hakuwa na urithi; alikuwa mtumishi wa kampuni, akilipwa mshahara kwa kuzijaribu na kuziendesha motokaa. Ushindi wa kwanza kabisa wa Bentley pale Le Mans, mwaka 1924, ulikuwa wake pamoja na John Duff. Wakati wenziwe waliokwenda mbio kwa starehe walisifiwa kwa ushujaa, yeye alikuwa kazini. Hili lina mafunzo kwa mwenye kuzingatia: kitendo kimoja, kwa mwenye urithi kikaitwa uungwana, na kwa mwenye mshahara kikaitwa utumishi.

Baadaye mlango ukafunguka. Mwaka 1893 kijana wa miaka 16, William Morris, alianza kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake, Oxford, kwa rasilmali ya paundi 4. Karakana zake zikakua, na katika hizo, chini ya meneja wake Cecil Kimber, likazaliwa jina la MG. Mwaka 1928 ikaonyeshwa MG Midget, iliyoundwa juu ya fremu na injini ya Morris Minor, motokaa ya watu wa kawaida. Na bei yake ilikuwa paundi 175. Sasa karani na mwalimu wakaweza kuitazama motokaa ya mbio bila ya kuona kuwa ni ndoto. Tena mwaka 1957 Colin Chapman akatoa Lotus Seven, iliyouzwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe, kwani kodi ya mauzo ya wakati ule ilitozwa motokaa iliyokamilika. Hapo mwenye motokaa na fundi wake wakawa mtu mmoja, na mafuta yaliyo kuchani mwake hayakuwa aibu bali ushahidi.

Huyo Morris, mtengeneza baiskeli, mwaka 1938 alitukuzwa kwa cheo cha Viscount Nuffield, na akatoa mamilioni ya paundi kwa matibabu na elimu. Waungwana waliokuwa wakipeleka baiskeli zao kwake mlango wa nyuma wakawa wanamwita bwana mlango wa mbele. Mkono ulikuwa ule ule. Kama kazi ya mkono ilikuwa duni mwaka 1893, ni kitu gani kilichoitukuza mwaka 1938 ila fedha? Na kama fedha ndizo zitukuzazo, basi heshima iliyotolewa haikuwa ya mtu; ilikuwa ya sanduku lake.

Hata hivyo si fedha peke yake. Mwaka 1986 kanuni za soko la hisa la London zilipolegezwa, vijana wa biashara ile walipata mapato makubwa, na Porsche ikawa kama alama yao. Je, waliheshimiwa na matajiri wa kale? La. Walichekwa kuwa fedha zao ni mpya. Hapa ndipo siri inapofichuka. Mwenye kudharau hatafuti mwendo, wala uzuri, wala hata thamani; anatafuta umbali baina yake na mwenziwe. Chombo humpendeza maadamu jirani hawezi kukipata. Siku jirani akikipata, chombo hakikupungua hata msumari mmoja, lakini yeye amepungukiwa na kile alichokuwa akikinunua kwa hakika, nacho ni kutengwa na watu. Hapo hulitunga neno la dhihaka ili aurejeshe umbali ule kwa ulimi, baada ya kushindwa kuuweka kwa fedha.

Huenda mtu akauliza: "Kwani kazi zote ni sawa? Je, tabibu mwenye kupasua moyo na msusi mwenye kusuka nywele ni daraja moja?" Twamjibu: kazi hazilingani katika ugumu wa kujifunza, wala katika haja ya watu kwazo saa ya dhiki, na si kosa mwenye kazi ngumu akalipwa zaidi. Lakini tafauti ya ujira ni jambo moja, na ruhusa ya kudharau ni jambo jingine. Msusi husimama kwa miguu yake kutwa. Hupokea bibi arusi, na mama aliyetoka kufiwa, na mgonjwa ambaye nywele zake zimepukutika. Huwatoa mlangoni wakiwa na uso wa kukabili watu. Hakumdhulumu mtu. Akiweka akiba miaka mitano akanunua motokaa ya viti viwili, ndani ya motokaa ile hamna senti ambayo mwenyewe hawezi kuitaja ilikotoka. Ni wamiliki wangapi wa motokaa kubwa wawezao kusema hivyo?

Na sisi watu wa pwani tusidhani kwamba haya ni maradhi ya Waingereza peke yao. Kwetu hakuna uhaba wa kazi zilizogeuzwa matusi. Mvuvi, mchukuzi, dobi, mpishi wa arusini, kinyozi, msusi: samaki wa huyu twamla, na nguo zilizofuliwa na yule twazivaa, kisha majina yao twayatumia kuwatukania watu. Katika kuposa huulizwa, "Baba yake hufanya kazi gani?" Likijibiwa, "Ni mchukuzi bandarini," nyuso hukunjamana. Kisha huja kijana mwingine katika gari jipya lenye kung'ara, hana duka, hana shamba, hana ajira ijulikanayo, na mtaa mzima wanong'ona kwamba huwauzia watoto wa watu dawa za kulevya. Naye hufunguliwa mlango, akawekewa kiti, akaitwa mwana. Yule ambaye kazi yake yajulikana huulizwa mara tatu. Na huyu ambaye kazi yake haijulikani haulizwi hata mara moja. Huku ndiko kulipofika kupima watu kwa vyombo. Si upuuzi wa maneno tu. Ni mabinti kuingizwa katika nyumba za maangamizo, na ni vijana wenye mikono mizuri ya kazi kuiona kazi kuwa aibu kuliko haramu.

Kwa upande wa pili, yatupasa kumnasihi na huyo msusi. Akiinunua motokaa kwa kuwa aipenda, na deni halimwelemei, na waliomtegemea hawakulala njaa, ni haki yake, na asimwombe radhi mtu. Lakini akiinunua kwa mkopo asioweza kuulipa, ili aonekane kama mwenye urithi, basi amekiri kwa vitendo kwamba wenye kumdharau wamesema kweli. Amejivika pazia juu ya kazi ambayo ilistahiki kuonekana. Mdharau na mwenye kudharauliwa hapo wanaabudu chombo kimoja, na tafauti yao ni kwamba mmoja amekilipa na mwingine bado.

Basi ikiwa hatuna budi kumpima mwenye chombo, na tumpime kwa masuali matatu. La kwanza: fedha hizi zimepita katika mikono ya nani kabla ya kufika katika yake, na je, mikono ile ilitendewa haki? La pili: kazi yake ikikoma kesho, watu watapungukiwa na kheri au watapumzika na shari? La tatu: apitapo njiani na chombo chake, wapitao kwa miguu wako katika amani au katika khofu? Katika masuali haya hakuna lililouliza bei, wala rangi, wala idadi ya viti. Na hakuna hata moja ambalo msusi mwaminifu aogopa kulijibu.

Tuanzie majumbani mwetu. Mzazi asimtishe mwanawe kwa kumwambia, "Usiposoma utakuwa mchukuzi," kwani huenda mtoto wa mchukuzi amekaa karibu anasikia. Na mposaji akija, aulizwe kazi yake kwanza, kabla ya mtu kwenda dirishani kutazama amekuja na nini.