Anwani za Intaneti: Kuuza, Kukodisha au Kuweka?

Kila mtambo ulio kwenye intaneti wahitaji anwani ya namba. Anwani za mpango wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu, na karibu zote zimekwisha gawiwa. Afrika mgawaji ni AFRINIC, makao yake Mauritius. Huzipa kampuni kwa kadiri ya haja, kwa ada, wala haiziuzi. Mtu wa Sumbawanga huubeba uhaba huu asijue: mitandao ya simu huwashirikisha wateja wengi anwani moja.

Kampuni ya Cloud Innovation ilipewa anwani milioni 6.2 baina ya 2013 na 2016, ikawakodisha hata watu wa nje ya Afrika. AFRINIC ilipotaka kuzirejesha, 2021, wakafikishana mahakamani. Kampuni yashikilia kuwa haikuvunja sharti.

Wako wasemao, ukishapewa ni chako. Mimi siafiki. Aliyenunua kwa mwenyewe ana hukumu yake. Huyu alipewa kwa haja. Mtume (S.A.W.) alimpa Bilal bin Harith ardhi ya Al-Aqiq. Sayyidna Umar alipoona hawezi kuilima yote, alimwachia aiwezayo, iliyobaki akaichukua akawagawia Waislamu. Hakumwambia aikodishe.

Na kuweka je? Mkulima wa Ufipa hufukia majani tutani yaoze, apande baadaye. Huyo hakuficha ardhi, aitengeneza. Anwani haina rutuba ya kungojea. Basi mwenye hospitali au chuo cha kuunganisha mwakani aweke kadiri yake. Iliyozidi airejeshe kwa mgawaji, apewe mwenye haja leo.